'Ametulia' si kipimo cha dawa ya mtoto mwenye usonji

Mzazi wa mtoto mwenye usonji anaporudi kliniki mwezi mmoja baada ya mtoto kuanzishiwa dawa, daktari humwuliza, "Anaendeleaje?" Jibu, aghalabu, huwa ni lile lile: "Ametulia kidogo, daktari." Kwa maneno hayo machache dozi huongezwa, au hupunguzwa, au huachwa ilivyo kwa miezi mingine mitatu.

Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha kama dawa hiyo inafanya kazi iliyokusudiwa. Hakuna picha ya eksirei. Kuna neno la mzazi, na kuna dakika kumi ambazo daktari amemtazama mtoto ambaye tayari ametishwa na foleni, harufu ya dawa za kusafishia sakafu na vilio vya watoto wengine.

Msomaji, leo nataka tuzungumze kuhusu kitu kinachoweza kuongezwa juu ya neno hilo la mzazi. Kwa miaka kadhaa sasa watafiti wamekuwa wakiifundisha kompyuta kumtazama mtoto kupitia kamera ya simu au ya tableti, na kuhesabu yale ambayo jicho la binadamu huyaona na kuyasahau. (Walimu wa Kiswahili watanisamehe nikisema kompyuta badala ya tarakilishi.) Wapo wanaotaka utaalamu huo utumike kufuatilia jinsi dawa zinavyowabadilisha watoto wenye usonji. Mimi nauunga mkono. Lakini nasema mapema kwamba ukianzwa upande usiofaa utawaumiza watoto wenyewe. Upande usiofaa ni kuiuliza mashine kama mtoto ametulia. Upande unaofaa ni kuiuliza kama dawa inamdhuru.

Kwanza tuelewane kuhusu dawa zenyewe. Wazazi huniuliza dawa ya usonji inauzwa wapi. Haipo. Usonji, ambao wengine huuita tawahudi, ulielezwa kwa kina na Leo Kanner mwaka 1943 alipoandika kuhusu watoto 11 aliowaona Baltimore, Marekani. Zaidi ya miaka 80 imepita, na bado hakuna kidonge kilichothibitishwa kwamba kitamfanya mtoto asiyesema aseme, au anayejitenga atafute wenzake. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha risperidoni mwaka 2006 na aripiprazoli mwaka 2009 kwa kazi moja tu, yaani kupunguza hasira kali, kujiumiza na kushambulia wengine. Dawa nyingine wanazopewa watoto hawa, za kifafa, za usingizi, za utundu uliokithiri, hutibu mambo yanayoandamana na usonji.

Hiyo si kazi ndogo. Mtoto anayejing'ata mpaka damu itoke anahitaji kusaidiwa, na mama aliyevutwa nywele na mwanawe mbele ya watu kwenye kituo cha matatu hahitaji mahubiri kuhusu ubaya wa dawa. Jaribio lililoipa risperidoni sifa lilichapishwa mwaka 2002. Watoto walikuwa 101 na walifuatiliwa kwa wiki 8. Miongoni mwa waliopewa dawa, asilimia 69 walipata nafuu. Miongoni mwa waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani yake, asilimia 12. Ni dawa chache za akili zinazoweza kuonyesha tofauti kubwa kama hiyo. Lakini katika wiki hizo hizo 8, watoto wa dawa waliongeza uzito kwa wastani wa kilo 2.7, wenzao kilo 0.8. Piga hesabu ya mwaka mzima uone.

Sasa uliza: nafuu hiyo ilipimwaje? Ilipimwa kwa maoni ya daktari pamoja na maswali yaliyotoka katika fomu yenye vipengele 58, ambayo mzazi huulizwa kuhusu vituko vya mtoto wake na kuvipa alama kuanzia sifuri hadi tatu. Hata huko kwenye pesa na mashine, kipimo kikuu kilikuwa neno la mzazi lililopangwa vizuri.

Na neno la mzazi lina udhaifu wake, ambao ni matumaini. Mwaka 2009 kulichapishwa jaribio la dawa iitwayo sitalopramu, ambayo wakati huo ilikuwa ikiandikiwa watoto wengi wenye usonji ili kupunguza tabia za kurudiarudia. Watoto 149 waligawanywa makundi mawili. Thuluthi moja ya waliopewa dawa walionekana kupata nafuu. Vizuri. Ila thuluthi moja ya wale waliopewa dawa ya uongo nao walionekana kupata nafuu.

Kisa cha sekretini ni kikubwa zaidi. Hii ni homoni ya utumbo. Mwaka 1998 iliripotiwa kwamba watoto watatu waliopewa homoni hiyo wakati wa kupimwa tumbo walichangamka na kuanza kusema zaidi. Habari zikaenea kama moto nyikani, wazazi wakaitafuta kwa udi na uvumba. Mwaka uliofuata watoto 60 wakajaribiwa, nusu wakapewa sekretini na nusu maji ya chumvi, na tofauti haikuonekana. Wazazi wakaelezwa matokeo hayo. Asilimia 69 walisema bado wanaitaka.

Siwacheki. Ningekuwa mzazi wa mmoja wao huenda ningesema vivyo hivyo. Sisi madaktari pia huona nafuu pale tulipoandika dawa kwa mkono wetu wenyewe, ndiyo maana katika majaribio mazuri hata daktari hafichuliwi nani amepewa nini. Wala jambo hili halikuisha na sekretini. Tangu Septemba 2025, Rais Donald Trump na maafisa wake wa afya walipoitaja leukovorini kuwa tumaini kwa usonji, nimeulizwa mara nyingi kama ni vile vidonge vya foliki wanavyopewa wajawazito. Sivyo, ni kitu tofauti, japo ni jamaa yake. Ninalotaka uone hapa ni kwamba mzazi atakayeanza dawa yoyote mpya bila kumbukumbu ya jinsi mtoto alivyokuwa kabla ya siku hiyo hatakuwa na njia ya kujua kama imemsaidia. Atakumbuka anavyotamani kukumbuka.

Hapa kwetu Landless kuna tatizo jingine ambalo watafiti wa ng'ambo huenda wasilifikirie. Anayemleta mtoto kliniki si yule anayeshinda naye. Baba yuko kiwandani, mama ametoka alfajiri kwenda kibarua au sokoni, na mtoto ameachiwa nyanya, dada wa darasa la saba, au jirani wa ploti anayelipwa kwa siku. Mama humwona mtoto usiku, wakati dawa imekwisha kumlewesha. Kisha yeye ndiye anayeketi mbele yangu kujibu "anaendeleaje".

Nitatoa mfano mmoja, nikiwa nimebadilisha mambo fulani ili familia isitambulike. Mvulana wa miaka 7, asiyesema, alikuwa akijigonga kichwa ukutani usiku hata majirani wakamwendea mwenye nyumba. Katika kliniki moja alipewa haloperidoli, dawa ya zamani na ya bei nafuu. Baada ya wiki tatu baba alikuwa na furaha. Kelele zimekwisha, majirani wamenyamaza, kodi ya nyumba haina vita tena. Nyanya, ambaye ndiye hushinda na mtoto, hakufurahi. "Amekuwa kama gogo," aliniambia.

Binamu wa mtoto alikuwa na video mbili katika simu yake. Katika ile ya Krismasi, kabla ya dawa, mtoto anazunguka chumba kizima na kupiga mayowe, lakini pia anamvuta nyanya mkono na kumpeleka hadi ilipo chupa ya soda. Katika ile ya pili ameketi. Mate yanamchuruzika. Shingo imevutwa upande mmoja, na anapoinuliwa atembee, mikono haipungi. Soda ipo mezani, mbele yake, na haombi.

Shingo ile na mikono ile ni madhara yanayojulikana ya dawa hiyo. Kila mwanafunzi wa udaktari hufundishwa. Mtaalamu alibadilisha dawa na shingo ikanyooka. Lakini angalia kilichotokea: baba na nyanya walikuwa wakimzungumzia mtoto mmoja, na wote wawili walisema kweli. Baba alikuwa akipima kelele. Laiti kusingekuwa na video, neno la nani lingeshinda? Katika nyumba nyingi, la mwenye kulipa daktari.

Sasa turudi kwa kompyuta. Video ni mfululizo wa picha, kama 30 kwa kila sekunde. Programu hutafuta ndani ya kila picha alama za uso na za mwili, kama pembe za macho, ncha ya pua, kingo za mdomo, mabega, viwiko na magoti. Ikishazipata huandika kwa nambari mahali kila moja ilipo. Kutokana na nambari hizo inaweza kuhesabu mtoto amepepesa macho mara ngapi kwa dakika, amechukua sekunde ngapi kugeuka alipoitwa jina, kichwa chake kimetikisika kiasi gani, na kama macho yalielekea kwenye uso wa mtu au kwenye kichezeo. Haichoki, na haimpendi wala kumchukia mzazi. Haijui pia kwamba dawa imebadilishwa wiki iliyopita, na hilo ndilo jambo zuri zaidi kuihusu.

Si ndoto. Katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kundi la Geraldine Dawson na Guillermo Sapiro lilichapisha mwaka 2023 matokeo ya programu iitwayo SenseToKnow. Watoto 475 wa kati ya miezi 17 na 36 walitazama filamu fupi kwenye tableti katika kliniki za kawaida, huku kamera ya tableti ikiwatazama wao. Watoto 49 walikuja kuthibitishwa kuwa na usonji, na programu iliwatambua karibu 9 kati ya kila 10.

Hata hivyo kutambua ni kazi moja na kufuatilia dawa ni nyingine ngumu zaidi. Ukitaka kutambua, unampima mtoto mara moja. Ukitaka kufuatilia, kipimo lazima kitoe jibu lile lile leo na wiki ijayo ikiwa hakuna kilichobadilika, la sivyo utasifu dawa kwa kazi iliyofanywa na usingizi mzuri. Fikiria mzani wa sokoni unaosoma kilo 2 asubuhi na kilo 3 adhuhuri kwa kabichi ile ile. Watoto wenye usonji hubadilika sana siku hadi siku. Kelele za ujenzi nyumba ya jirani, shati jipya lenye lebo inayokwaruza shingo, kukosa choo kwa siku tatu. Kila moja linaweza kuonekana katika video kama "dawa imeshindwa".

Wenzetu wanalijua hilo. Nchini Marekani kuna mradi wa vyuo kadhaa unaotafuta alama za kuaminika za usonji kwa ajili ya majaribio ya dawa, na mwaka 2020 mamlaka ya dawa ilikubali kipimo chao cha jinsi macho ya mtoto yanavyotazama nyuso kiingie katika utaratibu wake wa uhakiki. Kukubaliwa huko ni kufunguliwa mlango tu. Shauku ya watafiti naielewa. Mwaka 2021 majaribio mawili makubwa ya bumetanaidi yalisimamishwa kwa kukosa manufaa, na mwaka huo huo oksitosini, iliyojaribiwa kwa watoto na vijana 290 kwa wiki 24, haikuwa na faida kuliko maji matupu ya puani. Dawa ikishindwa namna hiyo hujui kama ni dawa mbovu au ni rula mbovu.

Na Afrika Mashariki? Kuhusu usonji na dawa bado sijaona kazi ya namna hii iliyokamilika kwetu, lakini njia imeanza kufyekwa kwingine. Kampala, watafiti wa Makerere na wa Chuo Kikuu cha Georgia, wakiongozwa na Juliet Sekandi, waliwapa wagonjwa wa kifua kikuu simu wajirekodi wakimeza vidonge, ili wasilazimike kwenda kliniki kila siku kutazamwa na muuguzi. Baadaye, mwaka 2023, walichapisha jinsi walivyoifundisha kompyuta kutazama video za wagonjwa hao na kuamua kama dawa imemezwa kweli. Malawi na India, mradi uitwao STREAM umewapa wahudumu wa afya wasio mabingwa tableti za kupimia ukuaji wa akili za watoto wadogo. Kwa hiyo anayesema simu na kamera ni mambo ya Ulaya aseme mengine.

Kwetu Kenya tuna sababu zaidi ya kuyataka. Madaktari bingwa wa akili za watoto ni wachache mno na wengi wao wako Nairobi. Mzazi wa Landless anayetumwa Mathari, iliyo kando ya barabara hii hii ya Thika, hupoteza siku ya kazi na nauli ya watu wawili, na mtoto hufika huko akiwa amechafukwa na matatu mbili. Bingwa humwona mtoto siku yake mbaya kuliko zote. Video ya dakika mbili iliyochukuliwa nyumbani Jumamosi asubuhi ingemweleza zaidi.

Basi wasiwasi wangu uko wapi? Uko katika kile mashine itakachoagizwa kuhesabu.

Kompyuta hupenda kuhesabu mwendo, kwa kuwa mwendo ndio rahisi kuhesabika. Mtoto akipepea mikono mara 40 kwa dakika kabla ya dawa na mara 5 baada ya dawa, programu itachora mstari unaoshuka, na mstari unaoshuka huonekana kama habari njema. Lakini nani alisema kupepea mikono ni ugonjwa? Watu wazima wenye usonji wanaoweza kujieleza wametuambia mara nyingi kwamba kwao kupepea mikono au kujitikisa ni njia ya kujituliza, au ni furaha tu. Dawa inayomsinziza mtoto itapunguza kupepea, itapunguza mayowe, itapunguza kukimbia. Itapunguza pia kuvuta mkono wa nyanya kwenda kwenye soda. Mashine iliyoagizwa kupima utulivu ingempa yule mvulana wa shingo iliyopinda alama za juu kabisa.

Hili si jambo la kubuni. Shule inataka mtoto atulie, mwenye nyumba anataka atulie, kanisani wanataka atulie, na mzazi aliyechoka, Mungu amsaidie, anataka usiku mmoja wa kulala. Tukiwapa watu hawa wote kipimo cha kisayansi kinachosema utulivu ni nafuu, dozi zitapanda.

Ndiyo maana nasema mashine ipewe kwanza kazi ya kutafuta madhara. Iulizwe kama mtoto anasinzia saa nne asubuhi. Kama anatembea bila kupunga mikono. Kama ulimi unatoka na kuzunguka bila sababu, au mdomo unatafuna na hakuna chakula, jambo ambalo likikaa sana huenda lisiondoke hata dawa ikiachwa. Kama mikono inatetemeka. Mambo haya hayana ubishi wa kifalsafa. Hakuna mzazi, mwalimu wala mtu mwenye usonji atakayesema shingo iliyopinda ni nafuu. Na ni mambo ambayo kamera inayaweza, kwani kwa wagonjwa wa Parkinson watafiti tayari wanapima kwa video jinsi vidole vinavyogonga na miguu inavyokokota. Upande wa nafuu, tuhesabu yale mtoto anayoyaanzisha mwenyewe: ameomba mara ngapi, amemwonyesha mtu kitu mara ngapi, amegeuka alipoitwa. Hayo yakishuka pamoja na mayowe, dawa imezidi.

Kuna wasiwasi wa pili, wa ngozi. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru, huyu wa pili akiwa mzaliwa wa Ethiopia, walipima programu za kampuni kubwa zilizokuwa zikisoma nyuso na kusema kama ni za wanaume au za wanawake. Kwa wanaume weupe kosa halikufika asilimia moja. Kwa wanawake weusi, programu mojawapo ilikosea zaidi ya mara 34 katika kila 100. Programu hizo zilikuwa za kazi nyingine na zimerekebishwa tangu hapo, lakini somo linabaki. Alama za uso zilizofundishwa kwa picha za watoto wa North Carolina zinaweza kupotea kwenye uso wa mtoto wa Makongeni, ndani ya chumba chenye dirisha moja na balbu moja. Mashine ijaribiwe hapa kabla ya kuuzwa hapa. Kilifi kuna kituo cha KEMRI na Wellcome kilichochunguza ukuaji wa watoto kwa miaka mingi. Chama cha Usonji cha Kenya kimekuwapo tangu 2003, kikiwa kimeanzishwa na wazazi. Watu wa kuifanya kazi hiyo tunao.

La tatu ni video zenyewe. Wakenya wanakumbuka Agosti 2023, watu walipopanga foleni Nairobi wakapigwa picha za mboni za macho kwa ahadi ya pesa za Worldcoin, hadi serikali ikasimamisha shughuli hiyo. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru kumbukumbu hizo zifutwe. Hao walikuwa watu wazima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inadai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kushughulikiwa, na mwaka 2023 shule moja ilitozwa Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini hiyo. Kampuni itakayokuja na programu ya bure iulizwe video zitakaa wapi, nani atazitazama, na zitafutwa lini. Ikijibu kwa kurasa 20 za maandishi madogo, chukua simu yako uende nyumbani.

Hupaswi kusubiri mashine, msomaji. Simu uliyo nayo mfukoni inatosha kuanza leo, na anayehesabu anaweza kuwa wewe na daktari wako. Siri ni kuanza kabla ya kidonge cha kwanza. Rekodi wiki mbili za "kabla", video tatu kila wiki, kila moja dakika mbili, mahali pale pale na saa ile ile. Weka simu juu ya meza au dirisha badala ya kumfuata mtoto nayo. Mwite jina mara moja, kwa sauti ya kawaida. Weka kitu anachokipenda mahali anapokiona asipoweza kukifikia, uone atafanya nini. Kisha mwache tu. Mwombe anayeshinda naye achukue angalau moja ya hizo tatu, maana anajua saa ambazo wewe huzijui. Dawa ikianza, endelea vivyo hivyo, na ongeza video moja ya mtoto akitembea kuja kwako na kugeuka, na moja ya uso wake akiwa hafanyi lolote.

Mtoto akiwa uchi, akijisaidia au akiwa katikati ya kimbunga cha kilio, usirekodi, mshike. Usizitume kwenye kundi la WhatsApp la ploti wala la ukoo, na zisionekane TikTok hata kwa nia ya kuelimisha umma. Mtoto huyu atakuwa mtu mzima siku moja hapa hapa Thika.

Kamera haioni kila kitu, hata iwe ya bei gani. Haioni sukari wala mafuta kwenye damu, ambayo risperidoni na jamaa zake huweza kupandisha, wala homoni inayoweza kumfanya mvulana aote matiti. Kwa hayo kuna maabara, na kwa uzito kuna mzani, ambao unapaswa kukanyagwa kila mara mtoto anapofika kliniki. Ukiona daktari anaongeza dozi bila kumpima mtoto uzito, mwambie kwa heshima, "Daktari, mzani haujampima." Hatakasirika, na akikasirika mpime bado.

Ukiona katika video zako shingo ikivutwa, macho yakigeukia juu na kukwama, mtoto akishindwa kumeza, au akawa na homa kali huku mwili umekakamaa, usingoje Jumamosi wala siku ya kliniki. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na uwaonyeshe video mlangoni. Kwa mengine yaliyo polepole, kama usingizi na uzito, mletee daktari aliyeandika dawa na mwamue pamoja. Usiikatize ghafla kwa uamuzi wako. Hupunguzwa kidogo kidogo, nayo wiki hizo za kupunguza zirekodiwe kama zile za kwanza.